Mtoto Aliyeumia Wakati wa Kuzaliwa: Hospitali, Baraza au Mahakama?

Mzazi wa Kenya ambaye mtoto wake alizaliwa bila kulia, akawekwa kwenye oksijeni, akapata degedege siku ya pili, na sasa ametimiza mwaka mmoja bila kukaza shingo, akiingia mtandaoni kutafuta msaada wa kisheria hukutana kwanza na matangazo ya mawakili wa Marekani wanaoahidi kwamba hatalipa hata senti moja mpaka kesi ishinde. Mpango huo una mahali pake huko Marekani, ambako wakili huchukua theluthi moja au zaidi ya fidia itakayopatikana, lakini Kenya haumfai mtu, kwa sababu kifungu cha 46 cha Sheria ya Mawakili, Sura ya 16, kinabatilisha makubaliano ya wakili kulipwa pale tu anaposhinda. Kwa hiyo mzazi wa Nakuru au Kilifi hana haja ya kujiuliza ni kampuni ipi yenye tangazo la kuvutia. Anachopaswa kuamua ni njia ipi, miongoni mwa zile ambazo sheria ya nchi yake imemfungulia, inayolingana na hali ya mtoto wake na uwezo wa nyumba yake.

Njia hizo kwa kweli ni nne: kuzungumza na hospitali yenyewe, kupeleka malalamiko kwa baraza la taaluma, kufungua kesi ya madai ya fidia, na kuwasilisha ombi la kikatiba katika Mahakama Kuu. Wengine huongeza ya tano, yaani kwenda polisi, kwa kuwa kifungu cha 243 cha Kanuni ya Adhabu kinamgusa pia mtu anayetoa matibabu kwa pupa au kwa uzembe unaohatarisha uhai. Sitaizungumzia sana, kwa maana kesi ya jinai huhitaji ushahidi usioacha shaka ya maana, uendeshaji wake uko mikononi mwa serikali, na hata mshtakiwa akitiwa hatiani, lengo lake ni adhabu. Haikuundwa kwa ajili ya kugharamia maisha ya mtoto.

Kabla ya kuzipima hizo nne, kuna hatua isiyo na chaguo, nayo ni faili. Mzazi aende hospitalini, aende barazani au aende mahakamani, karatasi zitakazotakiwa ni zile zile. Aombe kwa maandishi nakala ya faili la mama na la mtoto, kwa sababu mara nyingi huwa ni mafaili mawili, na mtoto aliyehamishiwa chumba cha watoto wachanga huwa na karatasi zake mbali na za mama. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inaitaka taasisi ijibu ombi la namna hii ndani ya siku 21, na inayokataa au inayonyamaza inaweza kushtakiwa kwa Tume ya Haki ya Utawala. Ombi liwe na tarehe, na mzazi abaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Kijitabu cha kliniki ya mama na mtoto kisiachwe hospitalini kwa sababu yoyote. Kipigwe picha ukurasa kwa ukurasa, kisha kihifadhiwe nyumbani.

Karatasi yenye uzito kuliko zote ni patografu. Ni ukurasa mmoja wenye miraba, ambao mkunga huujaza tangu uchungu unapokolea. Juu huandikwa mapigo ya moyo wa mtoto, yanayopaswa kupimwa kila nusu saa. Katikati huchorwa jinsi mlango wa kizazi unavyofunguka, juu ya mistari miwili ya mshazari, wa kwanza wa tahadhari na wa pili, uliowekwa saa nne mbele yake, wa kuchukua hatua. Na chini huandikwa nguvu ya uchungu, dawa alizopewa mama, shinikizo lake la damu na joto la mwili. Mchoro ukivuka mstari wa pili bila maandishi yoyote kwamba daktari aliitwa, au nukta za moyo wa mtoto zikikatika saa nane usiku na kuonekana tena saa kumi na moja alfajiri, hapo ndipo mtaalamu atakapoweka kidole. Baadhi ya vituo sasa vinatumia mwongozo mpya wa uangalizi wa uchungu uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2020, lakini maswali ni yale yale: nani alipima, saa ngapi, aliona nini, na alifanya nini alipoona. Pamoja na patografu zitafutwe alama za Apgar, zinazopima hali ya mtoto mara anapozaliwa na kutolewa kati ya 0 na 10 katika dakika ya kwanza na ya tano, maelezo ya chumba cha upasuaji kama mama alipasuliwa, pamoja na muhtasari wa matibabu uliotolewa mtoto aliporuhusiwa kwenda nyumbani.

Faili likishapatikana, lisomwe na daktari kabla ya kusomwa na wakili, au angalau walisome pamoja. Nasisitiza hili kwa sababu jeraha peke yake si uzembe. Mtindio wa ubongo, yaani ulemavu wa misuli na mwendo unaotokana na ubongo kuumia, unaweza kusababishwa na mtoto kukosa hewa wakati wa uchungu, lakini pia unaweza kutokana na kuzaliwa kabla ya wakati, maambukizi aliyoyapata tumboni, kasoro za kurithi, au manjano makali yaliyoachwa bila kutibiwa katika siku za kwanza. Na huyo wa manjano anaweza kuwa na dai zuri, ila dhidi ya wale waliomhudumia baada ya kuzaliwa, si dhidi ya mkunga. Vivyo hivyo mkono uliolegea kwa sababu bega lilikwama wakati wa kutoka: watoto wengi hupata nafuu katika miezi ya mwanzo, na yule ambaye mkono wake bado haujasogea akifikisha miezi mitatu anahitaji kuonwa na daktari bingwa, jambo ambalo kwa wakati ule lina haraka kuliko barua ya wakili. Mahakama za Kenya hupima kazi ya daktari kwa kigezo kilichotokana na uamuzi wa Uingereza wa mwaka 1957 katika kesi ya Bolam, yaani kama alitenda jinsi ambavyo wenzake wenye ujuzi huo wangekubali kuwa ni sawa, na kigezo hicho hakipimiki bila mtaalamu wa fani kusema. Mzazi anayelipa wakili kwanza na kumtafuta daktari baadaye huweza kugundua, baada ya kutoa pesa nyingi, kwamba hana kesi.

Sasa tuanze na hospitali yenyewe tukiilinganisha na baraza. Kifungu cha 14 cha Sheria ya Afya ya mwaka 2017 kinampa kila mtu haki ya kulalamika kuhusu jinsi alivyohudumiwa katika kituo cha afya na malalamiko yake kuchunguzwa. Barua kwa msimamizi mkuu wa hospitali haina gharama, haihitaji wakili, na wakati mwingine huleta kitu ambacho familia nyingi hukitamani kuliko pesa, yaani mtu wa kuketi nao na kuwaeleza kilichotokea usiku ule. Hospitali binafsi yenye bima ya dhima ya kitaaluma inaweza hata kutaka kumaliza jambo mapema. Lakini udhaifu wa njia hii ni mkubwa: anayechunguza ndiye anayelalamikiwa, hakuna muda unaombana, na mzazi aliyechoka anaweza kusomewa karatasi inayomfutia deni la wodi kwa sharti kwamba hatadai tena. Asiweke sahihi. Deni la wodi ni laki chache, na matunzo ya mtoto asiyeweza kuketi ni ya maisha. Tena kama kesi tayari iko mahakamani, Amri ya 32 ya Kanuni za Utaratibu wa Kesi za Madai za mwaka 2010 hairuhusu dai la mtoto kumalizwa kwa makubaliano bila idhini ya mahakama, kinga ambayo mzazi anayetia sahihi peke yake ofisini kwa msimamizi hana.

Baraza lina meno ambayo barua haina. Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, linalojulikana sana kwa kifupi chake cha KMPDC, linafanya kazi chini ya Sura ya 253 ya sheria za Kenya, na tangu mageuzi ya mwaka 2019 linasimamia madaktari na vilevile hospitali zenyewe. Likipokea malalamiko humtaka daktari na hospitali wajibu kwa maandishi, huitisha faili, na kamati yake ya nidhamu na maadili inaweza kusikiliza pande zote mbili. Daktari akionekana ana makosa anaweza kukaripiwa, kurudishwa kwenye mafunzo, kusimamishwa kazi kwa muda au kufutwa kwenye sajili, na leseni ya hospitali nayo inaweza kuguswa. Asiyeridhika anaweza kukata rufaa Mahakama Kuu ndani ya siku 30.

Lakini mlango wenyewe una vyumba vitatu, na familia nyingi hubisha kile kisicho chao. Uzazi mwingi nchini, hasa katika vituo vya ngazi ya chini, husimamiwa na wauguzi na wakunga, ambao wako chini ya Baraza la Wauguzi, au na maafisa wa kliniki, ambao wana baraza lao kwa sheria ya mwaka 2017. Kama patografu inaonyesha kwamba muuguzi hakupima moyo wa mtoto kwa saa tatu na daktari hakuitwa kabisa, malalamiko dhidi ya daktari peke yake yatarudi mikono mitupu. Ushauri wangu ni kuilalamikia hospitali kwa KMPDC na mhudumu binafsi kwa baraza la taaluma yake, kwa barua mbili zenye maelezo yanayolingana tarehe kwa tarehe.

Je, baraza linampa mtoto nini? Linampa ukweli ulioandikwa, na hilo si dogo, kwani majibu ya hospitali yakishatolewa hayabadiliki kirahisi baadaye, na maoni ya wataalamu wa baraza humsaidia wakili kujua pa kushika. Ila halikuwekwa kukadiria fidia jinsi jaji anavyokadiria, na wengi wanaoketi kwenye kamati zake ni wenzake mlalamikiwa kitaaluma. Sisemi kwamba wanapendeleana. Nasema tu kwamba mzazi asiende pale akitarajia hundi. Aende kama anataka daktari yule asimfanyie mama mwingine vile vile, au kama anahitaji majibu ya kimaandishi kabla hajaamua kushtaki.

Kesi ya madai ndiyo njia pekee kati ya hizi iliyoundwa kulipia maisha ya mtoto. Mtoto hushtaki kupitia mtu mzima anayemwakilisha, kwa kawaida mama au baba, na mahakama inayofaa hutegemea kiasi kinachodaiwa: kwa Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 2015, hakimu mkuu anaweza kusikiliza dai lisilozidi shilingi milioni 20, na linalozidi hapo huenda Mahakama Kuu. Wazazi wengine hudhani Mahakama Kuu ina heshima zaidi. Kwa dai linalotosha kwa hakimu mkuu, mahakama iliyo karibu na nyumbani huwapunguzia mashahidi safari na gharama, na rufaa ya kwanza bado ipo.

Fidia yenyewe ina mafungu, na hapa ndipo kesi nyingi nzuri hupungukiwa. Fungu la maumivu na kupoteza starehe za maisha hukadiriwa na mahakama kwa kutazama kesi zilizotangulia. Fungu la gharama zilizokwisha kutumika lazima liandikwe kwenye dai na kuthibitishwa kwa risiti, shilingi kwa shilingi. Fungu la matibabu yajayo, yaani tiba ya viungo, dawa za kifafa, kiti cha magurudumu, mtu wa kumtunza, nalo lazima lidaiwe waziwazi na kuungwa mkono na ripoti ya daktari inayotaja kinachohitajika na bei yake. Wakili asipoliandika, jaji hawezi kulitoa kwa huruma. Kwa mtoto mwenye mtindio mkali wa ubongo, fungu hili la tatu linaweza kuwa kubwa kuliko mengine yote, na wakili anayezungumzia la kwanza tu bado hajaielewa kesi.

Ubaya wa kesi ni muda na pesa. Wataalamu walio tayari kusimama kizimbani dhidi ya wenzao si wengi, ripoti zao zinalipiwa, na miaka hupita. Mahakama zimekuwa na utaratibu wa upatanishi tangu mwaka 2016, na mahakama inaweza kuipeleka kesi huko hata kama pande mbili hazijaomba. Nauona ni mzuri pale ambapo hospitali haikatai kosa bali inabishania kiasi.

Tofauti ya hospitali binafsi na ya umma hubadilisha hesabu hii kuliko watu wanavyodhani. Katika hospitali binafsi, daktari bingwa aliyemzalisha mama huenda si mwajiriwa wa hospitali bali mtu aliyeruhusiwa kulaza wagonjwa wake pale, na hospitali itajitetea kwa hoja hiyo. Ndiyo maana wakili mzoefu huwashtaki wote wawili pamoja. Katika hospitali ya umma, mdaiwa hutegemea ngazi: tangu ugatuzi wa mwaka 2013 hospitali nyingi, ikiwemo ya wazazi ya Pumwani, ziko chini ya serikali za kaunti, ilhali Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta na ile ya Moi mjini Eldoret ni mashirika ya serikali kuu. Ushindi dhidi ya serikali nao haufanani na ushindi dhidi ya kampuni. Mali ya serikali haiuzwi na dalali wa mahakama. Kifungu cha 21 cha Sheria ya Mashtaka dhidi ya Serikali kinamtaka mshindi achukue hati maalumu ya deni, na asipolipwa arudi mahakamani kuomba amri ya kumlazimisha afisa anayehusika alipe. Familia inayoshtaki kaunti ijiandae kwa safari mbili, ya kushinda na ya kulipwa.

Ombi la kikatiba huvutia kwa sababu lugha yake ni kubwa. Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, afya ya uzazi ikiwemo, na inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Ibara ya 53 inamlinda mtoto. Mwezi wa Machi 2018 Mahakama Kuu mjini Bungoma iliamuru mama aliyejifungulia sakafuni katika hospitali ya umma mwaka 2013, akatukanwa na kupigwa na wauguzi, alipwe fidia ya shilingi milioni 2.5. Uamuzi huo ulikuwa mzito na unastahili kujulikana. Hata hivyo, tuangalie ulihusu nini: ulihusu utu wa mama na wajibu wa serikali zote mbili, ya kitaifa na ya kaunti, na ushahidi wake haukuhitaji kubishana iwapo ubongo wa mtoto uliumia saa tisa au saa kumi. Kesi ya jeraha la uzazi husimama au huanguka kwa ubishi huo wa wataalamu, na ubishi huo huchunguzwa vizuri zaidi shahidi anapohojiwa ana kwa ana kuliko kwa hati za kiapo, ambazo ndizo uti wa mgongo wa maombi ya kikatiba. Majaji pia hawapendi Katiba itumike pale ambapo sheria ya kawaida ina dawa. Mama aliyekataliwa langoni kwa kukosa pesa, aliyefungiwa wodini kwa sababu ya deni, au aliyepigwa, anaweza kuwa na ombi zuri. Mama ambaye alihudumiwa kwa heshima lakini kwa uzembe, dai lake ni la madai ya kawaida.

Kuhusu muda, sina lugha ya upole. Sheria ya Ukomo wa Muda wa Kesi, Sura ya 22, inatoa miaka 3 kwa dai la uzembe. Kwa hospitali ya serikali kuna sheria nyingine, Sura ya 39, inayohusu mamlaka za umma, na hiyo inatoa miezi 12 tu. Ni kweli kwamba kifungu cha 22 cha sheria ya kwanza kinamzungumzia mtu asiye na uwezo kisheria, mtoto akiwemo, na kwamba kifungu cha 27 kinaruhusu mahakama kuongeza muda pale ambapo mambo ya msingi hayakujulikana mapema. Lakini vifungu hivyo vina masharti yake, na wakili wa upande wa pili atayatumia yote. Mzazi afanye kama havipo: ahesabu mwaka mmoja tangu siku ya kuzaliwa kama ilikuwa hospitali ya umma, na miaka mitatu kama ilikuwa ya binafsi. Malalamiko yaliyoko barazani hayasimamishi hesabu hiyo, wala mazungumzo na hospitali hayaisimamishi, na hospitali inayosema kila mwezi kwamba bado inachunguza inajua vizuri tarehe inayongojewa. Kama mwaka umeshapita, mzazi asikate tamaa kabla hajaonana na wakili, ila aende wiki hii.

Tanzania hesabu ni nyingine kidogo: dai la uzembe lina miaka 3, lakini anayetaka kuishtaki serikali lazima kwanza atoe notisi ya siku 90, na malalamiko ya kitaaluma huenda kwa Baraza la Madaktari Tanganyika au Baraza la Uuguzi na Ukunga. Na kwa Waswahili walioko Uingereza, mtoto aliyezaliwa kule na kupata jeraha kubwa la ubongo wakati wa kuzaliwa anaweza kustahili msaada wa serikali wa kulipia wakili, jambo ambalo wahamiaji wengi hawalijui wanapoanza kuuza kiwanja nyumbani ili kupata ada.

Turudi Kenya, kwenye kumchagua mtu wa kusimamia kesi. Wakili wa kulipwa anaweza kuanza mara moja, na hilo lina thamani pale ambapo mwaka unakaribia kuisha. Kwa kuwa hawezi kuahidi kulipwa baada ya ushindi, makubaliano yaandikwe kwa hatua: kiasi gani cha kusoma faili na kutoa maoni, kiasi gani cha kufungua kesi, nani analipia ripoti ya mtaalamu, na nini kitatokea kesi ikiishia kwenye upatanishi. Mtu anayemfuata mzazi wodini au kliniki ya tiba ya viungo akijidai katumwa na wakili fulani, akiwa na fomu ya kutia sahihi, ni dalali wa kesi, na wakili anayemtumia anavunja sheria ya taaluma yake kabla hata kesi haijaanza. Mzazi athibitishe kwamba jina la wakili limo kwenye orodha ya Chama cha Mawakili cha Kenya na kwamba ana cheti cha mwaka huo, kisha amuulize swali ambalo wengi huona haya kuliuliza: amewahi kuifikisha kesi ya hospitali mpaka hukumu, na daktari gani wa uzazi au wa mishipa ya fahamu ya watoto atamwita kama shahidi. Wakili wa ajali za barabarani anaweza kuwa hodari sana katika kazi yake na bado asijue patografu inasomwaje.

Upande wa msaada wa bure kuna Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, na mashirika kama Kituo cha Sheria, lililoanzishwa mwaka 1973, FIDA Kenya, la mawakili wanawake, lililoanzishwa mwaka 1985, na KELIN, linalojishughulisha hasa na haki za afya. Ubora wao mkubwa ni kwamba hawamwogopi mdaiwa mkubwa. Ugumu ni kwamba hawawezi kuchukua kila kesi, na shirika lenye lengo la kubadilisha sera huelekea kuipenda kesi itakayogusa kina mama wengi, hivyo linaweza kupendekeza ombi la kikatiba pale ambapo mtoto angefaidika zaidi na kesi ya fidia. Hilo si kosa lao. Mzazi aulize tu, waziwazi, kesi hii inatafuta nini na pesa zikipatikana ni za nani. Asiyeweza kabisa kulipa ada ya mahakama anaweza kuomba kushtaki kama maskini chini ya Amri ya 33, ingawa lazima aonyeshe kwamba kweli hana.

Nikilazimika kuchagua, ningechagua hivi. Kwa familia ambayo mkono wa mtoto umerudi au unarudi, na ambayo jambo linalowakera ni jinsi mama alivyopuuzwa, barua kwa hospitali na malalamiko kwa baraza yanatosha, na pesa za wakili zitumike kwa tiba ya viungo. Kwa familia yenye mtoto wa mtindio mkali, ambaye daktari aliyesoma faili amesema kwamba uangalizi ulikuwa mbaya, kesi ya fidia haina mbadala, na malalamiko ya baraza yaende sambamba nayo, yakitangulia kwa wiki chache kama muda unaruhusu na yakiachwa nyuma kama hauruhusu. Kwa familia ambayo faili lake limepotea au limerudishwa likiwa na kurasa pungufu, ningeanza na baraza bila kusita, kwa kuwa hospitali huona ugumu zaidi kulinyima baraza linaloshika leseni yake kuliko kumnyima mama anayekuja na ombi la mkono. Na kama tarehe iko karibu, kesi ifunguliwe kwa kilichopo na faili lidaiwe humo humo mahakamani.

Wakati haya yote yakisubiri, mtoto aandikishwe kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, kwani huduma za serikali kwa wenye ulemavu hudai uandikishaji huo, na mpango wa Inua Jamii hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kaya zenye mtu mwenye ulemavu mkali zinazokubaliwa. Tiba ya viungo isisimame kungoja hukumu. Kila inapolipiwa, risiti iombwe hata kama ni ya shilingi mia tano, ujumbe wa M-Pesa uhifadhiwe bila kufutwa, na tarehe ya kila kikao iandikwe kwenye daftari moja pamoja na jina la mtaalamu aliyemhudumia mtoto, maana hizo ndizo karatasi ambazo wakili ataziomba siku ya kwanza na mahakama itazihesabu siku ya mwisho.